Mkuki umeonewa: tujadili usawa wa silaha kwenye Dungeons & Dragons

MwanaIsevya (mwenye uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, naomba tulijadili kwa kina. Wanaocheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, karibuni. Msioijua nanyi kaeni, nitaeleza polepole.

Sisi tuko sita, hapa hapa Tabora mjini. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakaa barazani kwetu Isevya, mimi nikiwa msimulizi, wenzangu watano kila mmoja na mhusika wake. Kanuni tunazotumia ni zile za msingi za toleo la tano la 2014, zilizoachiwa bure Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons. Nilizipakua kwa simu, nikachapisha stationari kurasa za vita na za silaha tu, tukazipiga stepla. Dadu za pande sita tumezitoa kwenye ludo. Ya pande ishirini, ile ya kujua kama pigo limempata adui, hatuna, kwa hiyo tumeandika namba 1 hadi 20 kwa maka peni ndani ya visoda. Tunavitikisa kwenye kofia, unachomoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Ukihitaji dadu ya pande nane, unabakiza visoda vya 1 hadi 8. Inakwenda vizuri kabisa.

Sasa shida. Dada mmoja kwenye kundi letu alitengeneza mhusika mlinzi wa msafara, akampa mkuki na ngao. Hakuuokota tu kwenye orodha. Babu yake kule Uyui alikuwa sungusungu, na mkuki ameuona tangu mdogo ukiegemezwa nyuma ya mlango. Wenzake wakachukua upanga mrefu na ngao, shoka kubwa la mikono miwili, na upinde mrefu. Wa tano ni mchawi.

Kikao cha tatu wakavamiwa na fisi-watu watano. Mwenye upinde aliua wawili kabla hata hawajafika. Shoka likaua mmoja, upanga ukaua mmoja. Dada akamjeruhi wa mwisho, akamjeruhi tena, akamjeruhi tena, kisha mchawi akammalizia. Dada akanyamaza. Akachukua raba, akafuta pale palipoandikwa silaha kwenye karatasi yake, halafu akaniuliza, "Kwani nikinunua upanga inakuwaje?"

Nilikosa la kumjibu, maana kwa kanuni zilivyo ana haki.

Tazameni jedwali. Mkuki ukimpata adui kwa mkono mmoja, unatupa dadu ya pande sita kujua umemjeruhi pointi ngapi, kwa miwili ya pande nane. Upanga mrefu ni nane kwa mkono mmoja, kumi kwa miwili. Mkuki bei yake sarafu 1 ya dhahabu, upanga 15. Mkuki unarushwa futi 20 bila shida, na hadi 60 kwa taabu, yaani unachomoa visoda viwili na kuchukua namba ndogo. Mpaka hapo sina ugomvi: silaha rahisi, inarushwa, hata mkulima anaijua. Lakini angalieni unafika wapi. Mkuki unafika futi 5. Kisu nacho kinafika futi 5! Yaani waliouandika wameuchukua mkuki, wakauondolea kitu kile kile kinachoufanya uitwe mkuki, kisha wakaupa na dadu ndogo juu yake.

Niuongezee dadu? Niuongezee urefu? Au niache kanuni zilivyo na nimshauri anunue upanga? Hili la mwisho moyo wangu unalikataa.

Hesabu_Kali

Mkuu, umefanya vizuri kuleta hili. Ngoja nikuonyeshe kwa nini alimjeruhi mara tatu na fisi hakufa.

Wastani wa dadu ya pande sita ni 3.5, wa pande nane ni 4.5. Watu wakiona tofauti ya pointi 1 wanaipuuza. Wanakosea. Fisi-mtu wa kawaida kwenye toleo hilo ana pointi 22 za uhai na kinga 15, yaani namba unayotakiwa kuifikia ili pigo limpate. Chukulia mwenye upanga na mwenye mkuki wote wana nyongeza ya 3 ya nguvu. Mapigo matatu ya upanga yanafikisha 22 karibu mara 6 katika 10. Mapigo matatu ya mkuki yanafikisha 22 kama mara 1 katika 4 tu. Kwa hiyo mwenye mkuki mara nyingi anadaiwa pigo la nne. Na kama anahitaji kuchomoa 10 au zaidi ili apate, hilo pigo moja la nyongeza linamla karibu zamu mbili. Kwa kundi la watu watano, zamu mbili ni dakika ngapi za kukaa ukisubiri? Hapo ndipo uchungu unapotoka. Pointi yenyewe ni ndogo, ila imekaa mlangoni pa kifo.

Ushauri wangu: upe mkuki dadu ya pande nane kwa mkono mmoja, mambo yaishe.

Mzee wa Reli

Vijana, hamjambo. Mwenzenu nimeufuatilia mchezo huu miaka mingi, na hili mnalolijadili limekuwepo tangu siku ya kwanza.

Toleo la mwanzo kabisa, la Gary Gygax na Dave Arneson, lilitoka 1974. Humo silaha zote zilitupa dadu moja ya pande sita. Kisu pande sita, upanga pande sita, shoka pande sita. Kwa upande wa madhara ludo yenu ingetosha. Huo ndio usawa kamili, na matokeo yake mwenye akili ananunua ile ya bei ya chini, fedha inayobaki ananunulia deraya. Mwaka 1975 kikaja kijitabu cha nyongeza cha Greyhawk, kila silaha ikapewa dadu yake, upanga ukapanda juu na haujashuka hadi leo. Mwaka 1978, toleo la Advanced likaleta jedwali la kila silaha dhidi ya kila aina ya deraya, pamoja na namba ya kasi: kisu 2, upanga mrefu 5, upanga wa mikono miwili 10. Mwenye namba ndogo ni mwepesi zaidi.

Mimi nililipenda lile jedwali. Lilikuwa na ukweli ndani yake, kwamba rungu zito linamsumbua mtu wa deraya ya chuma kuliko panga. Lakini kila pigo unafungua kitabu, unatafuta mstari, unatafuta safu, unajumlisha, unatoa, na mchezo umepoa. Makundi mengi yaliliruka.

Hesabu_Kali, dadu ya pande nane kwa mkuki inautatua ugomvi wa leo, lakini umeufanya mkuki kuwa upanga unaorushwa, wa sarafu 1. Kesho nani atanunua upanga? MwanaIsevya, ongeza kanuni moja tu, inayokaa kichwani bila kufungua kitabu.

UfukweniUjiji

Nawasalimu kutoka Kigoma. Kama mkuki umeonewa, mkuki wa ncha tatu ndio uliozikwa kabisa. Mhusika wangu ni mvuvi, nikaona ndiyo silaha yake. Kwa kanuni hizo za 2014 dadu ni zile zile za mkuki, unarushwa umbali ule ule, ila bei ni sarafu 5, uzito ratili 4 badala ya 3, na lazima uwe umefunzwa silaha za kivita ndipo uutumie vizuri. Unalipa mara tano ili upate kitu kile kile kizito zaidi. Nilicheza nao miezi mitano kwa sababu ya mapenzi tu.

Toleo la 2024 wamerekebisha. Sasa unatupa pande nane, kwa mikono miwili kumi, na anayeumudu anaweza kumwangusha adui chini. Na hapa ndipo napenda walivyofikiri: kila silaha wameipa tabia yake. Mkuki ukimpata adui, shambulio lake linalofuata linakuwa la taabu. Upinde mrefu unampunguzia mwendo. Shoka kubwa likimpata mmoja linaweza kuendelea hadi kwa aliye pembeni yake. Kanuni za msingi za toleo hilo nazo zilitolewa bure 2025, kwa hiyo stationari inawahusu tena.

Mjukuu_wa_Uyui

Kaka MwanaIsevya, mimi ndiye mwenye mkuki. Nimetumiwa huu uzi na mwenye shoka.

Kwanza nashukuru umelichukulia kwa uzito. Pili, naomba nisahihishe. Sikuumia kwa sababu ya dadu. Hesabu za kaka Hesabu_Kali ni za kweli, lakini ningeweza kuishi nazo. Nilichoumia ni kwamba vikao vyote vitatu vita vilianzia uwanda wazi, adui yuko futi mia na zaidi. Mwenye upinde anapiga futi 150 bila taabu yoyote. Mimi mwendo wangu ni futi 30, nikikimbia tu bila kupiga ni 60. Zamu ya kwanza nakimbia. Zamu ya pili nakimbia. Zamu ya tatu nafika, nakuta wamebaki wanaochechemea. Hata ungenipa dadu ya pande kumi na mbili ningekuwa nakimbia nayo mkononi.

Na hujawahi kumuuliza mwenye upinde amebakiza mishale mingapi. Nimehesabu mimi. Alinunua 20, amepiga 31.

Jumapili naenda kwa babu. Kama una nafasi twende, ukaushike mkuki wenyewe kabla hujauandikia kanuni.

MwanaIsevya

Dada, nimesoma mara mbili. Uwanda wazi ni kosa langu, nilikuwa naona vita inapendeza ikionekana yote. Mishale pia ni kosa langu. Jumapili nipo.

Bi_Asali

Nami niseme, maana porini ndiko ninakoishi nusu ya mwaka nikifuata mizinga.

Mnacheza Tabora halafu vita vyenu viko uwandani? Miombo iko wapi? Nyasi zikishakua masika, aliye hatua hamsini humwoni, unasikia tu ametikisa jani. Kiangazi, moto ukishapita, unaona mbali, lakini kila hatua kumi kuna mti. Kanuni hizo mlizochapisha zimeandika wazi: shina jembamba likikukinga nusu ya mwili, kinga yako inapanda 2. Shina nene, inapanda 5. Hata mwenzako akisimama kati yako na adui, adui anapata ile nyongeza ya 2. Na anayepiga upinde huku adui yuko futi 5 kutoka kwake anapiga kwa taabu. Mwenye upinde amewekewa mipaka mingi tu, ni msimulizi anayemfungulia geti.

Kuhusu mishale: baada ya vita, ukitumia dakika moja kutafuta, unaokota nusu ya uliyopiga. Nusu. Hiyo ndiyo bei ya kupiga ukiwa mbali, nayo haimo kwenye dadu.

Halafu msilisahau rungu. Wekeni mifupa inayotembea usiku mmoja. Mifupa ile ikipigwa kwa kitu cha kugonga inaumia mara mbili, na aliyekuwa anamcheka mwenye rungu ataomba kuazimwa.

Baruti

Wakuu, na gobori je? Tunaandaa mchezo unaofanana na enzi za Mirambo, kuna misafara, kuna watemi, kuna mazimwi ya porini. Ruga-ruga, wapiganaji wake, walikuwa na bunduki, siwezi kuziacha. Kwenye kanuni za 2024 bunduki ya aina ile inatupa dadu ya pande kumi na mbili, inafika futi 40 vizuri na 120 kwa taabu. Naogopa kila mtu ataitaka.

Mzee wa Reli

Baruti, kwa jinsi ilivyoandikwa wataitaka kweli, kwa sababu inapigwa kila zamu, na zamu zote za raundi moja ni sekunde 6. Gobori halikubali hivyo. Unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia kwa ufito, unaweka ya kuwashia, unainua. Mwenye mkono mwepesi ni nusu dakika, yaani raundi tano. Kwenye meza yako liache na dadu yake kubwa, hata liongezee, lakini liwe pigo moja la kufungulia vita, kisha mtu achomoe panga au mkuki. Ruga-ruga walibeba mikuki pamoja na bunduki, na hawakuwa wajinga.

Lingine ni baruti yenyewe. Bunduki na baruti vilipanda kutoka pwani kwa misafara, na Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 hadi 1875, njia za misafara ndizo zilizogombaniwa. Mtemi Isike naye, Wajerumani walipoivunja ngome yake hapa Tabora Januari 1893, alilipua ghala la baruti akiwa humo humo. Baruti ni hazina, ni sababu ya vita, ni hatari ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mpe kila mwenye gobori pembe moja ya baruti, mhesabie mipigo, na umwambie wazi itajazwa tena msafara ukifika salama. Gobori litakuwa limejisawazisha, na umepata na hadithi ya kulinda msafara.

Baruti

Mzee, shikamoo. Hili la msafara nalichukua kama lilivyo.

MwanaIsevya

Marejesho ya Jumapili.

Tulifika Uyui saa nne asubuhi. Babu alikuwa anapukuchua mahindi. Baada ya salamu na maji ya kunywa, mjukuu wake akamweleza shida yetu, akasikiliza hadi mwisho bila kucheka, akaingia ndani akatoka na mkuki. Mpini wake umelainika kwa mikono hadi unang'aa, na chini una chuma kidogo cha kuuchomeka ardhini. Akanikabidhi panga lililo kwenye ala, akaniambia niiache ala hivyo hivyo. Yeye akaugeuza mkuki, ile ncha ikakaa nyuma, kitako kikanielekea. "Haya, njoo unikate."

Nilikwenda kulia, kitako kikawa kifuani kwangu. Nikaenda kushoto, kikawa kifuani. Mzee hakusogeza miguu hata kidogo, alisogeza tu mkono wa nyuma, tena kwa inchi chache, na huku mbele kitako kikahama upana wa mtu mzima. Mara ya tano nilikiruhusu kinipite begani, nikaukamata mpini kwa mkono wa kushoto, nikaingia. Hapo mambo yakageuka. Mpini wote ulikuwa nyuma yangu na panga langu lilikuwa shingoni kwake. Akauachia mkuki mara moja, na nikaona mkono wake wa kulia tayari uko kiunoni, mahali pa kisu. "Umeona?" akasema. "Mkuki una mlango. Nje ya mlango mimi ndiye bwana. Ukishaingia, naachia."

Njiani tukirudi tuliandika kanuni pamoja, dada na mimi, nyuma ya risiti:

Ukishika mkuki kwa mikono miwili, adui anayekuja akifika futi 10 kutoka kwako, unamchoma kwanza, kwa kutumia ile nafasi moja ya kujibu unayopewa kila raundi. Akishaingia futi 5, mkuki unapiga kwa taabu, unachomoa visoda viwili na kuchukua kidogo, hadi urudi nyuma au uuachie na kuchomoa kisu. Dadu hazibadiliki.

Hesabu_Kali

Nimeipitia. Naondoa pendekezo langu la dadu ya pande nane. Nafasi ya kujibu ni moja kwa raundi, kwa hiyo akijiwa na wawili kwa pamoja, mmoja tu ndiye anayechomwa na wa pili anaingia. Pia anaiacha ngao ili apate mikono miwili, maana yake kinga inashuka 2. Analipa. Kitu kimoja tu cha kuangalia: akisimama kwenye uchochoro, atakuwa mgumu sana. Jaribuni, mlete namba.

UfukweniUjiji

Akisimama kwenye uchochoro ndipo pake. Mwacheni awe mgumu pale.

MwanaIsevya

Tumejaribu jana, tulikaa hadi taa zikawashwa.

Niliwaweka kwenye miombo, jua likielekea kuzama, karibu na gofu la tembe lenye mlango mmoja. Fisi-watu saba. Mwenye upinde alipiga mishale mitatu ya kwanza, miwili ikaingia kwenye miti, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze akauliza wenzake wamesimama wapi kabla ya kupiga. Dada aliiangusha ngao, akaingia kwenye ule mlango wa tembe. Fisi wa kwanza alipofika, akatia mkono kwenye kofia, akatoka na kisoda cha 17. Dadu ikampa 7 na nyongeza yake 3. Watu wakasimama. Wa pili alimkosa, yule fisi akaingia, akambana ukutani, akamng'ata mara mbili, na pointi zake za uhai zikabaki 4. Akafanya kama babu: akauachia mkuki, akachomoa kisu. Mwenye upanga alipenya pembeni yake akamtoa.

Kwa hesabu za Hesabu_Kali: mkuki umechoma mara tano kwa nafasi ya kujibu katika vita nzima ya raundi nane, umepata mara tatu. Aliua wawili. Upanga wawili, shoka mmoja, upinde mmoja, mchawi mmoja. Upinde ulipiga mishale 10, mwenyewe akazunguka gizani akaokota 5, nikamwandikia mimi mwenyewe.

Dada ameandika tena mkuki kwenye karatasi yake, pale pale palipofutwa, safari hii kwa wino.

Bi_Asali, mifupa inayotembea inakuja wiki mbili zijazo, rungu tayari limenunuliwa. Ila mwenye shoka kubwa ananidai. Amesema kila mtu sasa ana kanuni yake na yeye ana dadu tu, na kwamba ndani ya lile gofu hakupata hata nafasi ya kulizungusha. Nilikuwa nafikiria ile tabia ya 2024 ya kupitiliza hadi kwa adui wa pembeni. Walioitumia, inakwendaje mezani?